Fungu la Maskini Kabla ya Chanja



Siku tatu zinazofuata Idi ya kuchinja, yaani tarehe 11, 12 na 13 Dhulhijja, huitwa siku za Tashriq. Wengi wetu tunalijua jina hilo kwa takbira za baada ya sala. Wanazuoni wengi wa lugha, hata hivyo, wameeleza kuwa asili yake ni nyama: Waarabu waliipasua vipande vyembamba na kuianika juani katika siku hizo. Nyama hiyo kavu, qadid, ilikuwa chakula cha watu wa kawaida. Imepokewa kwamba mtu mmoja alipotetemeka mbele ya Mtume (s.a.w.), alimtuliza kwa kumjulisha kuwa yeye si mfalme, bali ni mtoto wa mwanamke aliyekuwa akila qadid.

Basi mama wa Litumbandyosi anayetandaza nyama ya udhhiya juu ya chanja hakuzua jambo. Nyumba nyingi huku hazina jokofu, na jua pekee halitegemeki. Mwaka 2024 Idi ilikuwa Juni, kiangazi. Kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, kufikia 2030 itatukuta Aprili, mvua zikiwa bado zinanyesha. Hapo moshi ndio tegemeo.

Wapo wanaouliza kama inafaa kuweka akiba nyama ya udhhiya. Inafaa. Mtume (s.a.w.) alipata kukataza isibaki zaidi ya siku tatu, kwa sababu mwaka ule watu wenye dhiki walikuwa wamefika Madina; ilipoondoka dhiki aliruhusu watu wale, walishe na waweke akiba. Lakini katazo lile la mwanzo linatuonyesha nani alitazamwa kwanza.

Na hapa ndipo penye neno langu. Kuna nyumba ambazo mbuzi mzima hupanda chanjani jioni ya Idi, kisha baada ya wiki mtoto hutumwa kwa mjane jirani na vipande viwili vikavu. Nia ni njema, ila fungu la wajibu halijatoka. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii wameshurutisha kuwa kiasi cha nyama kimfikie maskini kikiwa kibichi. Kilichopikwa hakitoshi, na wapo waliotamka wazi kuwa hata kilichokaushwa hakitoshi. Sababu yake ni nzuri mno: maskini amilikishwe kweli, apike atakavyo, akaushe, au auze anunue unga. Ama udhhiya ya nadhiri, hiyo hutolewa yote, na mwenyewe hana kipande. Wallahu a'alam.

Sisi tunaoshika daftari la mafungu msikitini tunajua ni nyumba ngapi husubiri siku ile ile. Chanja iwashwe baada ya mafungu kuondoka.

Kilichobaki sasa kikaushwe vizuri, kwani kukiacha kioze ni israfu. Nyama ipoe kwanza, iondolewe mafuta yote, maana mafuta hayakauki, huchacha. Ikatwe vipande virefu, unene wa kidole, kufuata nyuzi zake. Chumvi kijiko kikubwa kwa kila kilo, ilale usiku mmoja imefunikwa nzi wasiifikie. Moto wa mwanzo uwe mkali kidogo hadi nyama ibadilike rangi ndani na nje, kisha upunguzwe ubaki moshi mwembamba. Ndugu zetu wa Mbamba Bay wanaobanika samaki wa ziwani wanaijua kazi hii kuliko sisi.

Kuni zina neno pia. Msindano una utomvu. Moshi wake ni mweusi na nyama huwa chungu. Visiki vya mibuni iliyozeeka, vikikauka sawasawa, hutoa kaa tulivu. Mbao zilizopakwa rangi au dawa zisikaribie kabisa.

Chanja ijengwe nje, chini ya kibanda. Moshi wa siku mbili ndani ya jiko lililofungwa huingia vifuani mwa kina mama na watoto waliobebwa mgongoni, na baba aliyekaa barazani akinusa harufu nzuri hajui gharama yake. Tena mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka nyama iliyosindikwa, ikiwamo ya kukaushwa kwa moshi, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Hatusemi iachwe, iwe kitoweo cha mara moja moja, na palipoungua pakatwe.

Kipande kilichokauka barabara hukikunja kikavunjika, na ndani hakina unyevu. Kipoe kabisa ndipo kiwekwe kwenye kikapu na kutundikwa. Mfuko wa plastiki hukitia jasho, na chenye ukungu kitupwe. Siku ya kupika, kilowekwe usiku kucha, maji ya kwanza yamwagwe pamoja na masizi na chumvi yake, ndipo kiungwe kwa karanga.