Kubadilisha Mada Si Kuanzisha Mada

Jamani, hili nimelinyamazia vya kutosha.

Wiki jana jamaa mmoja kwenye orodha ya barua pepe ya watengenezaji programu hapa Nairobi aliomba msaada. Seva ya mteja wake imekwama, mteja anapiga simu kila dakika tano. Hakujibiwa hadi kesho yake.

Kwa nini? Alifungua barua ya zamani kuhusu bei ya majina ya .co.ke, akabonyeza Jibu, akafuta mada na kuandika yake. Kwetu sisi tunaotumia Thunderbird au Mutt, barua yake iliingia chini ya uzi wa bei, uzi ambao wengi tulikuwa tumeshaunyamazisha. Mimi niliikuta nikitafuta kitu kingine. Dawa yenyewe ilikuwa ya mstari mmoja: diski ilijaa faili za logi.

Sikilizeni. Kila barua pepe ina kitambulisho chake, Message-ID. Ukibonyeza Jibu, programu yako inanakili kitambulisho hicho kwenye mistari usiyoiona, In-Reply-To na References. Hiyo ndiyo inayosema barua yako ni mtoto wa nani. Ukibadilisha mada, mistari hiyo inabaki vilevile. Ni kama kupanda matatu ya 46 pale mjini, ukabandika kibao cha 23 kwenye kioo ukidhani utafika Kangemi. Utashukia Kawangware, ndugu yangu.

"Lakini kwa Gmail iko sawa!" Najua. Gmail hutenganisha mazungumzo mada ikibadilika, kwa hivyo wewe huoni kosa lako. Wenzako wanaliona. Na kumbukumbu za orodha zinazopangwa na Mailman zitaliweka hapo miaka.

Halafu kuna nyinyi mnaorudisha barua nzima ili kuandika "Nakubali" juu yake. Kabla nyaya za SEACOM na TEAMS kuanza kazi mwaka 2009, nchi hii ilitegemea setilaiti, na wengi wetu tulisoma barua kwenye saiba za mjini tukilipa kwa dakika. Aliyerudisha mistari 200 alikula shilingi zetu. Leo bei imeshuka, lakini siku bado ina saa 24. RFC 1855 ilishasema Oktoba 1995: unapojibu, acha maneno ya awali yanayotosha tu kueleweka.

Wengine wanasema tuhamie WhatsApp tu. Haya, nenda ukatafute humo jibu la mwaka juzi, kisha uniambie umelipata.

Si mambo magumu:

1. Mada mpya? Bonyeza Andika, weka anwani ya orodha. Usiguse Jibu.
2. Unajibu? Acha mistari unayoijibu, andika chini yake, futa iliyobaki.
3. Unapokea barua zote za siku kwa mkupuo? Usijibu furushi zima. Weka mada halisi, nukuu barua moja.
4. Mgeni akikosea, mweleze kando kwa upole. Kila mmoja wetu alianza hivyo.

Siyo ushamba wa wazee wa Unix huu. Siku moja seva itakayokwama usiku itakuwa yako, na utataka watu waione barua yako.

Ukikasirika, niandikie. Kwa barua mpya, tafadhali.