Uvimbe wa moyo na tiba ya joto: kompyuta imefikia wapi?

Msikilizaji, moyo nao huweza kuota uvimbe. Ni nadra, na mwingi unaoanzia kwenye moyo wenyewe si saratani. Unaojulikana zaidi kwa watu wazima ni miksoma, na mara nyingi hukaa katika chumba cha juu cha kushoto. Lakini si wa kupuuzwa. Unaweza kuziba njia ya damu, au kipande kikameguka na kuleta kiharusi.

Tiba iliyozoeleka ni upasuaji. Sasa watafiti wanajiuliza kama uvimbe huo unaweza kuuawa kwa joto.

Joto hilo linatoka wapi?

Hutumika chembe ndogo mno za madini ya chuma au za dhahabu, ambazo jicho haliwezi kuziona. Zikishafikishwa kwenye uvimbe, huwashwa kwa nguvu ya sumaku kutoka nje ya mwili au kwa mwanga wa leza. Chembe hupata moto, na seli za uvimbe zikikaa kwenye nyuzi 43 hivi kwa muda wa kutosha huanza kufa. Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37.

Si ndoto tupu. Mwaka 2010 tiba ya aina hii iliyobuniwa Ujerumani kwa uvimbe wa ubongo ilipata kibali Ulaya. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume waliotibiwa kwa chembe za dhahabu.

Kwa nini moyo ni mgumu zaidi?

Moyo hautulii. Kila dakika hupitisha lita tano hivi za damu, na damu hiyo hupoza kama maji yanavyopoza injini ya gari. Upande mmja wa uvimbe unaweza kubaki na uhai, huku upande wa pili nyama nzima ya moyo ikiungua, pamoja na njia za umeme zinazoendesha mapigo.

Ndiyo maana wanaanza na kompyuta. Wanachora moyo, wanaweka uvimbe na chembe, kisha wanakokotoa joto la kila sehemu. Hesabu nyingi za aina hii hutegemea kanuni ya Harry Pennes ya mwaka 1948, iliyotokana na vipimo vya joto la mkono wa binadamu. Mkono uliotulia si moyo unaodunda, kwa hiyo jibu la kompyuta lazima lipimwe tena maabara, kwa wanyama, na mwisho kwa watu.

Mgonjwa wa kwenye kompyuta akiungua, mtafiti hufuta na kuanza upya. Mgonjwa wa kweli hana nafasi hiyo.

Kwa hiyo ukitumiwa ujumbe kwenye simu kwamba kuna mahali wanayeyusha uvimbe wa moyo kwa joto, usitoe hela. Ukipata pumzi fupi, kuzimia au mapigo yasiyo ya kawaida, nenda kituo cha afya na uulizie kipimo cha moyo cha eko. Upasuaji wa moyo unafanyika hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.