Mamluki wanaziua ekipe za shule Uvira

UVIRA — Kila msimu wa michezo ya shule unapofika, kelele ni zile zile kutoka Kalundu mpaka Kavimvira. Shule ikipigwa, watu wanarudi nyumbani wakimtukana kipa. Shule ikishinda, hakuna anayeuliza yule namba tisa mwenye ndevu anasoma darasa gani. Wanafunzi wanajua. Walimu wanajua. Prefe naye anajua, maana orodha ya wachezaji inatoka ofisini kwake.

Jambo hili limezoeleka mpaka limepewa jina: mersenere, yaani mamluki. Ni kijana wa klabu ya mtaani, miaka 23 au 25, anayeazimwa kadi ya mwanafunzi kwa alasiri moja. Anapewa pesa ya moto na sahani ya wali. Jumatatu haonekani darasani, kwa sababu hana darasa. Si shule zote zinazofanya hivyo, lakini zinatosha kuharibu mchezo wa wote.

Ubaya wa kwanza ni kwamba udanganyifu huu unaficha hali halisi ya ekipe zetu. Tuwatoe mamluki, tuwaangalie watoto wenyewe. Wana nini, wanakosa nini?

Nguvu wanazo. Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa, na watoto wamejifunza mpira kwenye avenyu nyembamba, kati ya ukuta na mtaro. Ndiyo maana wanajua kuuweka mpira mguuni mahali padogo, kupiga chenga na kutoa pasi fupi ya haraka. Wale waliozoea kukimbia kwenye mchanga wa ufuoni wana miguu migumu. Wale waliotoka nyanda za juu wana pumzi. Ukiwapa mpira katikati ya kiwanja, wanafurahisha macho.

Udhaifu nao upo, na hauna uchawi ndani yake. Aliyekulia kwenye avenyu hajui kutumia upana wa kiwanja kizima: mpira unabaki upande mmoja, na winga wa upande mwingine anasimama kama mtazamaji. Krosi zinatua nyuma ya goli. Kona ikipigwa, mabeki wanaufuata mpira kwa macho na kumsahau mtu. Kipa anaogopa kuruka, na nani atamlaumu? Amefanya mazoezi kwenye mawe, mengine yakiwa ya mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020. Dakika 20 za mwisho ekipe inakufa, kwa sababu wachezaji wengi wameingia uwanjani bila kula tangu asubuhi. Tena mazoezi yanaanza wiki mbili kabla ya mashindano, si mwanzoni mwa mwaka wa shule.

Haya yote yana dawa, na nyingi ni za bei ndogo. Kona na krosi zinafundishwa kwa mpira mmoja na uvumilivu. Kipa anahitaji sehemu ya mchanga, na mchanga hatujaukosa hata baada ya ziwa kupanda na kumeza sehemu za ufuo mwaka 2024. Uji na ndizi kabla ya mechi havizidi pesa anayopewa mersenere mmoja. Lakini ni mwalimu gani atahangaika kumfundisha beki wa darasa la nne kuruka kichwa, wakati anajua siku ya mechi beki huyo atakaa benchi? Mficha maradhi, kilio humfichua. Kilio chetu kinasikika kila tunapokutana na shule iliyowaandaa watoto wake kweli.

Ubaya wa pili ni mzito zaidi, na unazihusu familia zilizokimbia vita. Tangu Bukavu ichukuliwe Februari 2025, na tena Desemba 2025 M23 walipoingia Uvira, wanafunzi wametawanyika. Kuna waliotoka Kamanyola, Luvungi na Sange. Kuna waliovuka mpaka kwenda Burundi, na baadhi yao wamerudi. Wengi walikimbia na nguo za mwilini tu. Buletini ilibaki nyumbani, na nyumba nyingine hazipo tena.

Mtoto kama huyo akienda kuomba kuchezea shule anayosoma sasa, anaambiwa: “Leta karatasi.” Hana karatasi, basi hachezi. Papo hapo mtu mzima mwenye karatasi ya mtu mwingine anavaa jezi yake. Hapo ndipo pa kukasirika. Sheria inamkaza mtoto asiyedanganya na kumlegezea mtu mzima anayedanganya. Kwa kijana aliyepoteza rafiki, kitanda na shule, kuitwa jina lake katika ekipe ni njia ya kuambiwa kwamba na yeye ni wa hapa. Tunamnyima hilo kwa ajili ya kombe la bati.

Wanaotetea mamluki wana maneno mawili. La kwanza: shule zote zinafanya. Mwanafunzi anayeiga mtihani akijitetea hivyo, prefe humfukuza. La pili: ushindi unaleta wanafunzi, na wanafunzi wanaleta minervali. Lakini mzazi anayemlipia mtoto wake shule ya sekondari halipi ili mtu mwingine achukue nafasi yake. Tena nje ya Uvira mlango huu umeanza kufungwa. Januari 2023, wachezaji 21 kati ya 30 wa Kameruni wa chini ya miaka 17 walitolewa baada ya vipimo vya MRI kuonyesha wamepita umri. CAF ina mashindano yake ya shule. Fainali za Afrika zilichezwa Durban 2023 na Zanzibar 2024. Huko ndevu hazitavuka kwa kadi ya kuazima.

Februari 2024, kabla ya nusu fainali dhidi ya Kodivaa, wachezaji wa Leopards walifunika midomo kwa mkono, vidole viwili vya mkono mwingine kichwani kama bastola, ili dunia iache kunyamazia mauaji ya Mashariki. Uvira ilishangilia. Mji uliodai dunia isinyamaze hauwezi kunyamaza wenyewe watoto wake wanapoibiwa nafasi.

Suluhisho halihitaji pesa kutoka Kinshasa. Siku tatu kabla ya mechi, shule mbili zibadilishane orodha. Siku ya mechi, mwalimu wa kila darasa asimame kando ya kiwanja na kumtambua mwanafunzi wake kwa uso. Mkimbizi asiye na buletini akubaliwe kwa neno la mwalimu anayemfundisha sasa. Atakayepatikana na mersenere apoteze mechi, na prefe, si mtoto, ndiye ajibu mbele ya wazazi.

Shule zitakazoanza zitapigwa mechi kadhaa. Zikubali. Afadhali kufungwa tatu na watoto wetu uwanjani, tukajua ni kona ndiyo iliyotuua, kuliko kushinda kwa miguu ya watu ambao Jumatatu hatutawaona.