Tupime Balehe, Si Miaka Tu

Tulipotangaza kwamba toleo hili litahusu DHEA, tulipokea makala nyingi kuhusu vidonge vya ujana na mbili tatu tu kuhusu mwili wa binadamu. Sishangai. Tangu Marekani ilipopitisha sheria ya virutubisho mwaka 1994, homoni hii ya tezi zilizo juu ya figo huuzwa huko bila cheti cha daktari, na maneno ya muuzaji hufika mbali kabla ya yale ya mtafiti. Ni kweli kwamba kiwango chake hushuka: kilele ni katika miaka ya ishirini na ushee, na mtu akivuka sabini hubakiwa na sehemu ndogo tu. Lakini watafiti wa Mayo Clinic waliwapa wazee DHEA kwa miaka miwili, na mwaka 2006 wakachapisha walichokiona: misuli haikupata nguvu, wala maisha hayakuwa bora. Nimekubali makala moja ya upande wa vidonge, kwa kuwa mwandishi wake amejibu hoja hii badala ya kuizunguka. Nyingine nimezirudisha kwa wenyewe.

Kinachonikera zaidi ni kimya. Mwaka 2001 kundi la Jonathan Kurtis na Patrick Duffy lilichapisha utafiti wa vijana na wanaume wa miaka 12 hadi 35 magharibi mwa Kenya. Wenye DHEA-S nyingi zaidi katika damu, yaani DHEA iliyofungwa na salfa, walikuwa na vimelea vichache vya malaria, na uhusiano huo ulibaki hata umri ulipotiwa katika hesabu. Mwaka 2003 mtafiti Leenstra na wenzake wakaona jambo hilo hilo kwa wasichana waliokuwa wakibalehe, tena magharibi mwa Kenya, na pamoja nalo hemoglobini iliyo juu zaidi. Ziwa Viktoria ni moja na kimelea ni kile kile. Hata hivyo, katika makala zote zilizofika mezani pangu kutoka upande wetu wa ziwa, hakuna iliyozitaja tafiti hizi hata kwa kuzipinga.

Maelezo ya kikemia yapo. Tangu mwaka 1960 inajulikana kuwa DHEA huzuia kimeng'enya cha G6PD, kile ambacho upungufu wake wa kurithi umeenea katika nchi za malaria. Seli nyekundu iliyopungukiwa na kazi ya kimeng'enya hicho haijilindi vizuri dhidi ya sumu za oksijeni zinazozalishwa na kimelea. Huchakaa mapema, na seli walaji huimeza pamoja na mgeni wake. Maabara imeonyesha kwamba njia hii inawezekana. Kama ndiyo inayotumika ndani ya mtoto anayetembea, anayekula ndizi na maharage na kuumwa na mbu usiku, hilo ni swali jingine.

Dhidi ya wazo kwamba balehe yenyewe hulinda, wapinzani watasema kijana wa miaka kumi na sita ameumwa na mbu wengi kuliko mdogo wake wa miaka minane, kwa hiyo kinga yake ni ya mazoea. Wawatazame Wajava wa Indonesia waliohamishiwa Irian Jaya, ambao mtafiti Kevin Baird aliwafuatilia: watu wazima na watoto waliingia pamoja katika malaria kali ambayo hawakuwa wameizoea, na watu wazima wakapata kinga upesi zaidi. Kuna kitu katika umri wenyewe, mbali na idadi ya homa. Hoja inayoninyima usingizi ni nyingine: ugonjwa wa muda mrefu hushusha DHEA, na njaa huchelewesha balehe. Huenda basi homoni ndogo ni alama tu ya mtoto aliyedhoofika, wala si sababu ya vimelea vyake. Utafiti wa kupima watu mara moja na kuondoka hauwezi kulitatua hilo.

Ndiyo maana nazitazama wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Kutoka bonde la mto Kagera hadi vilima vya juu, malaria hubadilika sana ndani ya mwendo mfupi, na aliyekulia juu hana mazoea ya aliyekulia bondeni. Hapa mazoea na balehe vinaweza kutenganishwa kwa namna isiyowezekana kirahisi pale ambapo kila mtoto huugua tangu utotoni. Kuna pia sababu ya haraka. Badiliko la R561H katika jeni ya K13 ya kimelea, linalodhoofisha dawa za artemisinini na ambalo lilikuwa limeripotiwa Rwanda, lilionekana katika sampuli za mwaka 2021 za Kagera, na Karagwe ilikuwa juu kabisa: asilimia 22.8. Sasa, kasi ya vimelea kuisha mwilini haitokani na dawa peke yake. Mwili nao husaidia. Kwa sababu hiyo tafiti za ufanisi wa dawa huchagua watoto wadogo, wenye kinga changa, na hapo zina haki. Lakini mwanafunzi wa darasa la saba naye hunywa dawa mseto ile ile, na kama balehe inambebea sehemu ya mzigo, tunapaswa kujua ni kiasi gani.

Gharama? Tanzania imekuwa ikipima malaria kwa wanafunzi wa shule za msingi, wa miaka 5 hadi 16, tangu mwaka 2014/15. Vidole vinatobolewa tayari. DHEA-S hupimika katika tone lililokaushwa kwenye karatasi, na tofauti na kotisoli haipandi na kushuka sana kwa saa, hivyo sampuli ya saa nne asubuhi inatosha. Tungeepuka pia kumvua nguo mtoto wa Isingiro, kule Kyerwa, ili kukadiria hatua ya balehe yake, jambo ambalo mzazi angelikataa na mimi ningekuwa upande wake.

Kuhusu tabia, makala ndefu kuliko zote humu inadai kwamba kupanda kwa DHEA kati ya miaka sita na minane ndiko kunakomfanya mtoto afae kutumwa maji, kuchunga mbuzi na kubeba mdogo wake mgongoni. Mtafiti Benjamin Campbell alikwisha kuihusisha homoni hii na ukuaji wa ubongo katika umri huo, na wazo si la kupuuzwa. Ila mwandishi wetu anajenga nusu ya hoja juu ya panya, mnyama ambaye tezi zake za adrenali karibu hazitoi DHEA. Angeanza na sokwe mtu, ambaye anayo nyingi. Makala ya VVU na kushuka kwa homoni hii ni fupi na safi, isomeni.

Hoja yangu nayo inaweza kufa, na naeleza jinsi ya kuiua. Pimeni vijana wa vilimani na wa bondeni, wafuateni kwa misimu miwili ya mvua, rekodini lishe yao. Ikiwa DHEA-S ya mwanzo haitabiri vimelea vya baadaye miongoni mwa walioshiba na wasiougua, nitachapisha matokeo hayo katika ukurasa huu.