TAMKO LA TAWI: UFUNGUO WA SEFU ANAO NANI?

*Ndugu Wanachama, Wakereketwa na Wapenzi wa Chama, Tawi la Massachusetts*

  

Kwa wiki mbili sasa magrupu yetu yamechemka kwa mjadala wa silaha. Ulianza na picha ya kijana wetu mmoja aliyeshika bastola kwenye sherehe, bastola isiyo yake, akaiweka hadharani watu waione. Wapo waliosema ni uhuni. Wapo waliosema hii ni Marekani, kila mtu ana haki yake. Wakafuata waliotukanana, na grupu la vijana likafungwa siku tatu. Sekretarieti imekaa Jumamosi na kuniagiza nitoe tamko.

Naandika kama Katibu, lakini msije mkasikia mitaani: na mimi ni mmiliki. Nina bastola moja kwa leseni ya jimbo hili, na mwaka jana nimeihuisha leseni hiyo. Kwa hiyo haya ni mambo ninayoishi nayo kila siku.

*MSIMAMO WA TAWI*

Mwanachama mwenye sifa za kisheria akitaka kumiliki silaha, ni haki yake na asinyooshewe kidole. Lakini Massachusetts ni jimbo ambalo "nilikuwa sijui" haimwokoi mtu. Na sisi wageni tunahukumiwa mara mbili: kwanza mahakamani, kisha uhamiaji. Kwa hiyo swali la kuulizana si nani ana bunduki na nani hana. Swali ni hili: *ufunguo wa sefu anao nani?*

*1. MAREKANI HAINA SHERIA MOJA*

Sisi tumekulia mahali ambapo bunduki ni ya askari na mlinzi wa benki. Kijijini labda kuna mzee mwenye gobore la kufukuzia nguruwe pori shambani. Nyumbani kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kila mtu anajua kwamba bila kibali hugusi. Tukifika huku, filamu zinatudanganya kwamba kila Mmarekani anatembea na bastola kiunoni na hakuna anayemuuliza.

Ukweli ni kwamba kila jimbo lina sheria zake juu ya zile za shirikisho. Jirani zetu New Hampshire, tangu mwaka 2017, mtu mzima asiyezuiwa na sheria anabeba bastola bila leseni yoyote. Tunakwenda Nashua kununua televisheni kwa kuwa kule hawatozi kodi ya mauzo, na kutoka Lowell nusu saa kwa gari haifiki. Lakini bastola iliyo halali Nashua, ikivuka mstari ule ndani ya gari bila leseni ya Massachusetts, imekuwa kosa la jinai. Hakuna kizuizi barabarani wala askari wa kukuonya. Kuna kibao tu cha kukukaribisha.

Kosa la kubeba bila leseni, nje ya nyumba yako au mahali pa biashara yako, lina kifungo cha lazima kisichopungua *miezi 18*. Jaji hana ruhusa ya kukupunguzia chini ya hapo wala kukupa kifungo cha nje. Hata risasi moja bila leseni ni kosa. Magazini ya zaidi ya risasi 10, inayouzwa New Hampshire kama kiberiti, usiivushe.

Wapo wanaosema mahakama zimeshalegeza mambo. Ni kweli kwamba mwezi Juni 2022 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya New York, na tangu hapo mwombaji halazimiki kueleza sababu maalumu ya kutaka kubeba. Lakini leseni yenyewe haikufutwa. Mwezi Machi 2025 mahakama ya juu ya Massachusetts imeamua kwamba hata mkazi wa jimbo jingine akija huku lazima awe na leseni ya huku, kwa sheria ilivyo baada ya kurekebishwa. Atakayekuambia "siku hizi ruksa" muulize kama atakuja kukuwekea dhamana.

*2. SIKU YA MWENYE LESENI INAVYOKWENDA*

Leseni inaombwa kwa mkuu wa polisi wa mji unaoishi. Unasoma kozi ya usalama, unapigwa picha, unachukuliwa alama za vidole, unalipa dola 100. Sheria inasema majibu yatoke ndani ya siku 40. Mji niliokuwa naishi, sitautaja, walinikalisha zaidi ya miezi mitano, na kila nilipouliza niliambiwa faili liko mezani. Nilisubiri. Ukilipwa kwa saa, kwenda kituoni mara nne ni mishahara minne ya nusu siku. Hilo ni tatizo la kweli na tunaruhusiwa kulisema.

Ukishaipata, ndipo kazi inaanza. Kazini kwangu ni nyumba ya kulea wazee na silaha hairuhusiwi, kwa hiyo siku tano za wiki bastola haitoki kwenye sefu. Shule na vyuo ni marufuku. Posta ni jengo la shirikisho, usiingie nayo. Nikienda klabu ya kulenga shabaha, bastola inasafiri bila risasi ndani ya kasha lililofungwa, na nikimaliza narudi nayo nyumbani moja kwa moja. Sipitii harusini, kwa sababu harusini kuna vinywaji, na kubeba silaha ukiwa umelewa ni kosa hata kama leseni unayo.

Ukihama nyumba, una siku 30 za kutoa taarifa: kwa mkuu wa polisi wa mji unaotoka, kwa yule wa mji unaohamia, na kwa idara ya jimbo inayotunza kumbukumbu. Na sisi tunavyohama! Leo Lowell, mwakani Worcester, mwaka wa tatu Springfield kwa sababu kodi imepanda. Ukiuza silaha, mauzo yanaandikwa kwenye mfumo wa jimbo. Ikiibiwa, unaripoti. Na isipokuwa mwilini mwako au chini ya mkono wako, sheria inataka iwe imefungwa: ndani ya sefu, au kwa kufuli maalumu ambalo mtu mwingine hawezi kulifungua kirahisi. Juu ya kabati siyo sefu. Chini ya godoro siyo sefu.

*3. UFUNGUO*

Hapa ndipo naomba msome polepole.

Nyumba zetu si za mtu mmoja. Kuna mama mwenye nyumba, watoto, mdogo wake anayesoma chuo kwa viza ya masomo, na bibi aliyekuja kwa viza ya matembezi kulea mjukuu wakati wazazi wako zamu. Baba ana leseni. Anakwenda kazini, ufunguo wa sefu anauning'iniza jikoni pamoja na funguo za gari.

Sheria ya shirikisho inamkataza mtu wa viza ya muda kuwa na silaha au risasi, isipokuwa kwa misamaha michache, kama aliye na kibali halali cha uwindaji. Asiye na makaratasi amekatazwa kabisa. Na "kuwa na" siyo kushika mkononi tu. Mtu anayejua silaha ilipo, na ana uwezo wa kuifikia na kuitawala, anaweza kuhesabiwa kwamba anayo. Siku polisi wakiingia kwa sababu nyingine kabisa, yule bibi mwenye ufunguo, ambaye hajawahi hata kulifungua sanduku lile, anaweza kuingizwa kwenye maelezo ambayo hakuyatafuta. Huyo ni mama yako. Amekuja na dawa zake za presha na khanga mbili.

Kwa mwenye grini kadi, habari ni tofauti kidogo. Mwaka 2012 jaji wa shirikisho hapa Boston aliamua kwamba mkazi wa kudumu asinyimwe leseni kwa sababu tu si raia. Kwa hiyo mlango uko wazi. Lakini sheria ya uhamiaji inataja kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kama sababu ya kumwondoa mtu nchini, hata mwenye grini kadi, hata aliyekaa huku miaka 20. Mwenzako mzaliwa wa hapa akifanya kosa hilo hilo atafungwa na atarudi kwake. Wewe utafungwa, kisha utapandishwa ndege.

Na bangi, vijana. Jimbo limeiruhusu tangu kura ya mwaka 2016. Lakini fomu 4473 unayojaza dukani ni ya shirikisho, ina swali la bangi, na inaonya kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya shirikisho. Kudanganya kwenye fomu hiyo ni kosa jingine.

*4. HESABU*

Nimesomea uhasibu, nivumilieni. Leseni ni dola 100 kwa miaka 6. Ni miezi 72, kwa hiyo inakuja kama dola 1 na senti 39 kwa mwezi. Ongeza kozi na sefu dogo, kwangu mimi vyote havikufika dola 350.

Upande wa pili wa daftari: miezi 18 ni wiki 78. Anayelipwa dola 20 kwa saa, saa 40 kwa wiki, anapoteza dola *62,400* kabla ya makato. Hapo sijaweka wakili, kodi ya nyumba, wala pesa ya kutuma nyumbani kila mwezi ambayo kuna mtu anaisubiri ili mtoto aende shule. Na kufukuzwa nchini sikujua nikuandike kwenye safu gani.

*5. KWA WANAOSEMA SHERIA NI ONEVU*

Tuwasikilize, hawakosi hoja. Mwenye pesa na muda anapita mchakato huu kirahisi kuliko mbeba boksi. Maelezo yako kwa Kiingereza cha kisheria. Wapo akina mama wanaorudi saa saba usiku mitaa isiyo salama, na wanaona sheria inamfunga mwema na mhalifu hajali.

Lakini tutazame upande wa pili pia. Mwaka 2021 Massachusetts ilikuwa na kiwango cha chini kuliko majimbo yote cha vifo vya bunduki: 3.4 kwa kila watu 100,000. Mississippi ilikuwa 33.9. Sisemi sheria peke yake imefanya hivyo. Nasema watoto wetu wanalala kwenye jimbo la 3.4, na mimi kama mmiliki sioni vibaya kulipa usumbufu huu kama sehemu ya gharama.

Na jambo tusilopenda kulitaja. Mwaka huo huo nchi nzima walikufa kwa bunduki watu 48,830, na zaidi ya nusu yao, 26,328, walijiua wenyewe. Upweke wa huku tunaujua. Baridi, madeni, ndoa zinazovunjika kwa simu. Sefu inazuia mtoto, na inazuia pia dakika kumi mbaya za mtu mzima. Ukiona mwenzako amebadilika, mwambie aitoe silaha nyumbani kwa muda, aipeleke kwa muuzaji mwenye leseni au polisi waitunze. Simu ya msaada ni 988, saa 24. Si aibu.

*6. MAAZIMIO YA SEKRETARIETI*

(i) Shughuli zote za Tawi, mikutano, harusi na misiba tunayoiratibu, hakuna silaha, mwenye leseni na asiye nayo. Katibu anaanza yeye.

(ii) Hakuna kuazimana silaha, hata kwa picha. Aliye na picha ya namna hiyo mtandaoni aiondoe leo.

(iii) Mwenye leseni abaki na ufunguo au namba ya sefu peke yake. Wa pili awe tu mwenye leseni yake mwenyewe.

(iv) Ndugu wa New Hampshire na Maine mnaokuja pilau ya Jumapili, acheni silaha kwenu. Mnakaribishwa nyinyi na watoto.

(v) Kabla ya kuomba leseni, kama si raia, ona kwanza mwanasheria wa uhamiaji. Tamko hili si ushauri wa kisheria, na sheria hizi hubadilika.

(vi) Mkutano ujao wa Tawi utakuwa na saa moja ya kufafanua sheria ya utunzaji kwa Kiswahili. Leteni maswali, hakuna atakayeulizwa anamiliki nini.

Chama chetu hakina mgombea Massachusetts, na Tawi halitaingia kwenye siasa za Wamarekani. Walio raia wana kura zao, wazitumie watakavyo. Kazi ya Tawi ni kuhakikisha anayekuja huku kutafuta maisha anarudi nyumbani siku anayoitaka yeye, kwa tiketi aliyoilipia mwenyewe.

Kijana wa ile picha ameongea na Mwenyekiti na ameifuta. Asitukanwe tena.

Leo jioni kila mwenye sefu aukague ufunguo wake ulipo. Kama uko jikoni, uondoe kabla bibi hajaamka.

Naomba kuwasilisha.

*Katibu wa Tawi*
_Kwa niaba ya Sekretarieti. Mtumie mwanachama mwenzako, usikate wala kuongeza._