Damu ya Bibi wa Miaka 115
Hendrikje van Andel-Schipper, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1890, aliamua akiwa na miaka 82 kwamba akifa mwili wake ukabidhiwe wanasayansi. Alifariki mwaka 2005, umri wake miaka 115, na damu yake ikasimulia mengi. Watafiti waliotoa ripoti mwaka 2014 walikuta kwamba karibu theluthi mbili za chembe zake nyeupe zilitokana na seli shina mbili tu, yaani seli mama zinazozaa damu. Mbili! Kijana ana maelfu ya mama hao wa damu katika uboho wake. Nao uzee haukomei kwenye uboho: thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua ambako chembe nyeupe za aina ya T, askari wa mwili, hufunzwa kumtambua adui, hunywea mapema na nafasi yake kujaa mafuta. Mzee hubaki akiwategemea askari wakongwe, hodari kwa maradhi waliyokwisha kuyaona, wazito mbele ya ugonjwa mgeni. Hata adui wa zamani huponyoka. Kirusi cha tetekuwanga, kilichojificha kwenye mishipa ya fahamu tangu utotoni, huamka na kuleta mkanda wa jeshi, malengelenge yanayochoma upande mmoja wa mwili. Inauma kusikia bibi wa miaka 80 akinong'onewa kuwa ana ukimwi kwa sababu ya malengelenge hayo, wakati umri peke yake unatosha kuyaleta, na akifikishwa hospitali ndani ya siku 3 tangu yatokeze, dawa za kukizuia kirusi humsaidia zaidi.