Tairi la mbele haliliki upande mmoja bila sababu

Kabla hujachota pesa za karo ukanunue matairi mapya, yatazame kwanza yale ya zamani. Yana mengi ya kukueleza kuhusu gari lako.

Mimi nilifunzwa na barabara. Tulikuwa tukielekea Nakuru, watoto wakiwa kiti cha nyuma, tairi la mbele la kushoto likapasuka karibu na Kinungi. Mungu si Athumani, sikuwa mbio. Tulipolitoa, upande wa nje ulikuwa na meno mazuri kabisa, lakini ukingo wa ndani, usioonekana ukisimama kando ya gari, ulikuwa umelika hadi nyaya zikachomoza. Lilikuwa halijamaliza hata miezi mitano tangu nilinunue. Aliyeniuzia hakuniuliza yale ya kwanza yaliisha vipi, nami sikumwambia.

Fundi aliyetusaidia alilipapasa tairi lile, kisha akasema: “Dada, hili halina makosa. Gari ndilo linalolila.”

Je, gari hulaje tairi?

Anza na upepo. Kingo zote mbili zikilika na katikati pakabaki pazuri, basi upepo ni haba. Katikati pakilika, umezidi. Kiwango kinachofaa aghalabu huandikwa kwenye kibandiko kilicho mlangoni kwa dereva. Pima asubuhi kabla hujaendesha, kwa maana tairi likipata moto upepo huongezeka nguvu na kipimo hukudanganya.

Ukingo mmoja tu ukilika, kama wangu, shuku alainimenti, yaani jinsi magurudumu yanavyotazama mbele. Yakielekeana mno kwa mbele, hulika nje. Yakiachana, hulika ndani. Pia gurudumu linaweza kulala, sehemu ya juu ikaingia ndani, nalo tairi likawa linakanyaga kwa ukingo wa ndani. Pitisha kiganja juu ya meno polepole, ukijihadhari na nyaya. Ukihisi ulaini ukienda upande mmoja na makali ukirudi, magurudumu hayatazami mbele sawasawa.

Mara nyingi chanzo ni mashimo, matuta tunayoyaruka bila kupunguza mwendo, na kupanda ukingo wa barabara tukitafuta mahali pa kuegesha. Hata hivyo, usikimbilie mashine ya alainimenti kabla fundi hajakagua bushi, boli jointi na tai rodi. Vifaa hivyo vikiwa vimelegea, kazi hiyo ni sawa na kunyoosha mlango ambao bawaba zake zimekwisha. Kesho utarudi pale pale, na pesa utalipa tena.

Tairi likilika kwa mabaka, hapa bonde na pale mlima, huenda shoki zimechoka na gurudumu linarukaruka barabarani. Na usukani ukitetemeka ukiongeza mwendo, huenda magurudumu yanahitaji balansi.

Isitoshe, matairi ya mbele yana kazi nyingi. Ndiyo yanayokata kona, ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki, na katika magari mengi madogo ndiyo yanayovuta gari. Kwa hivyo hata gari zima huyamaliza mapema kuliko ya nyuma. Yabadilishe nafasi, ya mbele na ya nyuma, kila baada ya kilomita 10,000 hivi, ili yazeeke pamoja.

Na mwisho wake utaujuaje? Ndani ya mifereji ya tairi mna vijituta vidogo vya mpira. Meno yakilika hadi yakawa sawa navyo, yamebaki milimita 1.6 tu, na tairi hilo limekwisha hata kama ni ukingo mmoja. Barabara ikilowa, halitashika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo, gari likiwa limeegeshwa, kunja usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, uiname utazame ule ukingo wa ndani. Ni kazi ya dakika mbili. Mimi sikuifanya hata siku moja kabla ya ile safari ya Nakuru.